Karatasi Iliyovishwa Plastiki

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mbele ya dirisha la uhamiaji, afisa ametia mkono kwenye bahasha yangu, na kitu alichokitoa kinang'aa. Wengi mmeniandikia mkilalamika kwamba nimewakatia utamu. Poleni. Mimi nilikatiwa zaidi.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika nchi ya watu. Nasomea magonjwa ya kuku. Cheka umalize, wengi wameshacheka, na wote wanakula mayai. Baba yangu alifariki, nikarudi nyumbani kumzika. Binti yangu wa miaka saba, tunayemwita Chiriku, nilimwacha kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, maana shule ilikuwa katikati ya muhula.

Kabla ya kuondoka nilikwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wakanisainia karatasi ya kurudia. Viza iliyo kwenye pasipoti inakufikisha mlangoni tu. Karatasi ya kurudia ndiyo inayosema kwamba wewe bado ni mwanafunzi wao, na nyuma yake ndiko unakogongwa mhuri wa kuingia. Bila hiyo wewe ni mtalii asiye na kamera.

Siku ya safari, dada yangu mkubwa ndiye aliyeniwekea karatasi ile ndani ya bahasha. Akaifunga kwa selotepu pande zote na kuniambia nisiifungue njiani nisije nikadondosha kitu. Nikamtii. Ndivyo tulivyolelewa, mkubwa akisema amesema.

Haya, turudi dirishani.

"Hii ni nini?" afisa akaniuliza. Alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinabisha hodi.

"Karatasi yangu ya kurudia."

"Hilo nimeliona. Nauliza hii." Akaigonga kwa ukucha, ikalia ta, ta, ta.

Karatasi ilikuwa imevishwa plastiki. Mbele na nyuma, plastiki ile nene, na pembe zake zimekatwa mviringo kwa ustadi. Mimi na afisa tuliiona hivyo kwa mara ya kwanza tukiwa pamoja, na kati yetu wawili sijui nani alishangaa zaidi.

Kijana mwenyewe hakuwa mbaya, sitaki kumsingizia. Alichukua mhuri, akaugonga nyuma ya karatasi. Akapitisha kidole gumba. Wino ukamfuata kidole mpaka ukingoni. Akagonga tena, akapuliza, akasubiri, akapitisha kidole. Karatasi ikabaki safi, kidole kikabaki cheusi.

"Haushiki," akasema.

"Naona."

"Mhuri usiposhika, hujaingia."

"Basi ikate hiyo plastiki. Mkasi huo hapo kwenye kopo."

"Dada, nikiikata mimi, nimeharibu hati. Ukiikata wewe, umeghushi."

"Na ikibaki hivi?"

"Ikibaki hivi haitambuliki. Hati ikifunikwa hatujui chini yake kumefanyika nini."

"Chini yake kuna jina langu. Umelisoma sasa hivi kwa sauti, na ukalikosea."

"Nimelisoma, ndiyo."

"Sasa?"

Akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu. Watu walishaanza kuvuta pumzi kwa makusudi, ile pumzi ya kukwambia wewe ndiye uliyetuchelewesha. Damu ikanichemka. Nikamwambia kijana kwamba nimemzika baba yangu, kwamba nina mambo yangu huko ndani yananisubiri, na kwamba sijapanda ndege kuja kujadili plastiki. Akafunga dirisha lake taratibu, akatoka na karatasi yangu mkononi, akaniomba nimfuate.

Chumba walichonipeleka kilikuwa na meza, viti vilivyofungwa sakafuni kwa nati, na mtungi wa maji usio na kikombe hata kimoja. Nikaketi. Mlango ukafungwa, na upande wa ndani haukuwa na kitasa.

Baadaye akaingia mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Kijana akasimama wima. Akamwita Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo, sikuwa na haja ya kumfahamu zaidi.

Mkubwa akaishika karatasi, akaikunja kidogo, ikamrudia bap.

"Nani alikufanyia hivi, mama?"

"Dada yangu."

"Mna ugomvi?"

"Ananipenda."

Akanitazama kama daktari anayesikia kikohozi asichokipenda. Akasema nipige simu ofisi ya chuo. Wakituma nakala mpya iliyosainiwa, tutazungumza. Ilikuwa Jumapili. Nikapiga hivyo hivyo, maana mtu aliyeshikwa hachagui siku.

Simu ikapokelewa na sauti ya mashine. Ikanikaribisha. Ikasema kama mimi ni mwanafunzi ninayetarajia kusafiri, nibonyeze mbili. Nikabonyeza. Ikaniambia nihakikishe karatasi yangu ya kurudia imesainiwa kabla sijaondoka, nihakikishe haikunjwi, hailowi na imehifadhiwa mahali salama. Halafu ikanitakia safari njema.

Nilicheka mpaka kijana akasogea nyuma.

Haikunjwi. Hailowi. Imehifadhiwa. Dada yangu alitimiza yote matatu kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita katika ofisi ile. Nilihudhuria semina yao ya wasafiri mimi, nikakaa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Walituonya tusibebe nyama, tusibebe mbegu, tusimtanie afisa kuhusu mabomu. Hakuna aliyetuonya kuhusu plastiki. Hawakuwaza kama kuna nyumba duniani ambako karatasi muhimu ikiingia tu, kesho yake inakwenda duka la fotokopi kuvishwa.

Kwetu ndiko iliko nyumba hiyo. Cheti cha ualimu cha baba kililiwa na mchwa ndani ya sanduku, na kwa kukosa cheti akakosa ukuu wa shule mpaka anastaafu. Toka siku hiyo baba alivisha plastiki kila kitu. Kadi zetu za kliniki, hati ya kiwanja, ripoti za shule, hata zile tulizofeli. Ukimpelekea karatasi na unaipenda, anakuuliza kwanza, "Umeshaivisha?"

Nilijua haya yote. Nilikua nayo. Na bado nilipompigia dada yangu nilikuwa nimejaa hasira.

Akapokea mara moja. "Mdogo wangu, umefika salama? Tulikuwa na wasiwasi."

"Dada, karatasi yangu umeifanya nini?"

"Umeiona eeh?" Sauti ilikuwa imejaa furaha. "Nilimwambia yule wa fotokopi aweke ile nene kabisa. Akataka kuniwekea nyepesi, nikamwambia huyu ni mdogo wangu anasoma nje, usinichezee. Hata uimwagie chai sasa."

"Dada, wamenizuia."

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu ya hiyo plastiki. Mhuri haushiki. Wanasema hati imeharibika."

Akasema kwa sauti ya chini, "Si wapitishe kitambaa chenye spiriti? Wino unashika."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia dada yangu kwamba ni mjuaji wa mambo asiyoyajua. Kwamba hakuna aliyemtuma. Kwamba mikono yake haitulii mpaka iharibu cha mtu. Nikamwambia mengine ambayo mhariri wa gazeti hili ameyafuta, na kafanya vizuri. Mkubwa na kijana wake walikuwa wanatazama ukuta.

Dada alisubiri nimalize.

"Baba asingekuacha uondoke nayo vile," akasema. "Nilisema kwa kuwa hayupo, acha nifanye mimi."

Akakata simu. Tulikuwa hatujaanua matanga yetu vizuri, nami nimeshamtukana mtu aliyenilea. Najua mnavyoniona. Mimi mwenyewe nilijiona hivyo hivyo, lakini hasira haikupungua, ikaongezeka, maana sasa sikuwa na hata mtu wa kumlaumu kwa raha.

Mkubwa akazunguka meza, akaketi upande wa pili. Nadhani alinionea huruma.

"Kuna kitu kinaitwa ruhusa ya muda," akasema. "Unaingia, unakwenda chuoni kwako, unapata karatasi nyingine, unatuletea. Mimi ninaweza kuisaini. Ila nahitaji mtu wa chuo athibitishe kwa mdomo wake kwamba wewe ni mwanafunzi na unasoma kweli. Una mtu?"

"Ninaye msimamizi wangu. Profesa."

"Mpigie. Weka sauti ya nje, simu iwe hapa mezani."

Moyo ukarudi mahali pake. Profesa wangu ni mzee mpole asiyejua kusema uongo hata kwa mke wake. Ananipenda kama binti yake. Nikapiga, nikaiweka simu katikati ya meza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaegemea kiti.

"Profesa, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua Jumapili. Niko uhamiaji, wanataka kukuuliza jambo kunihusu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba. Waambie waulize wanachotaka."

Mkubwa akajitambulisha, akamuuliza kama ananifahamu.

"Namfahamu? Mama, huyu ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye. Hakosi maabara. Hana mchezo."

Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akavaa miwani, akavuta karatasi ya ruhusa. Kalamu ikagusa meza. Nikaanza kuona ngazi za nyumba yetu, nikamwona Chiriku anazishuka mbilimbili.

"Na si maabara tu," Profesa akaendelea. Hakuna aliyemuuliza. "Wanafunzi wengine Jumamosi na Jumapili wamelala. Huyu yuko kule kwenye mabanda makubwa nje ya mji, anapima kuku, anasafisha, anachanja. Mwenye mabanda ananiambia kila siku, huyu asiondoke."

Kalamu ikasimama.

"Mabanda hayo ni ya chuo?" Mkubwa akauliza.

Nikaanza kutikisa kichwa. Natikisia simu. Simu haina macho.

"Hapana, ni ya mfanyabiashara mmoja. Mtu mwema sana."

"Na anamlipa?"

"Profesa," nikasema, "yale ni mafunzo tu."

"Mama, nyamaza kidogo," Mkubwa akasema. "Profesa, anamlipa?"

Mzee akacheka kwa upole wake. "Pesa? Hapana, hapana. Pesa hampi. Anampa trei ya mayai kila Jumapili. Ana mtoto mdogo, unajua, mtoto lazima ale."

Nikafumba macho. Niliposikia Mkubwa anamshukuru Profesa kwa ushirikiano wake, nilijua nimekwisha. Profesa akaniambia, kabla hajakata, nisiwe na wasiwasi, amenisemea vizuri.

Mkubwa akavua miwani.

"Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo."

"Si kazi. Ni kuku walewale ninaowasomea. Nikiwapima maabara ni masomo, nikiwapima bandani ni kosa?"

"Umelipwa."

"Mayai."

"Malipo ni malipo."

"Mayai, Mkubwa. Tena yale yenye ufa, yasiyouzika sokoni. Angeyatupa."

"Angeyatupa ingekuwa salama kwako," akasema, na naapa hakuwa anatania. "Ruhusa ya muda siwezi tena kuisaini. Nikiisaini baada ya kusikia haya, kesho mimi ndiye nitakayekaa kwenye hicho kiti."

Nimechoka kupendwa. Niwaambie ukweli, siku ile nilichoka kupendwa. Dada amenipenda, amenivisha plastiki. Profesa amenipenda, amenisemea mpaka amenitoa nchini. Mtu akikuchukia unajua umkwepe vipi. Hawa mnakwepana nao namna gani?

Mkubwa akaniwekea karatasi nyingine mbele. Akaeleza polepole kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. Nikitia saini hapo, nitakuwa nimeondoa mwenyewe ombi langu la kuingia. Nitapanda ndege iliyonileta, itakayoondoka jioni ile ile. Pasipoti yangu haitachafuliwa, nitaomba upya nikiwa kwetu. Nisipotia saini, watanikatalia wao, na wakikukatalia wao huwezi kurudi kwa miaka.

"Hii ndiyo nafuu," akasema. "Wengi hawapewi."

"Siwezi kuondoka."

"Unaweza. Ndege ipo."

"Nimesema siwezi."

"Mama, masomo yatakusubiri. Kuku watakuwepo."

Hilo la kuku ndilo lililoniwasha. Nilisimama, kiti hakikusogea kwa kuwa kimefungwa, nikajigonga goti, na maumivu yakaongezea petroli.

"Nani amekwambia ninalilia kuku?" nikasema. "Nina mtoto huko ndani. Ana miaka saba, na toka nimeondoka yuko kwa watu. Anajua nakuja leo. Wewe unaniambia nipande ndege nimwache?"

Hapo hapo nikajua nimejichongea.

Kijana alishaanza kubonyeza kompyuta ndogo aliyokuja nayo. Akamgeuzia Mkubwa kioo. Mkubwa akasoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ruhusa ya mtoto imeshikana na ya kwako," akasema. "Yako ikianguka, na yake imeanguka. Yuko na baba yake?"

"Hana baba wa kuitwa."

"Yuko na ndugu?"

"Yuko na jirani."

"Jirani si ndugu."

"Kwetu ni ndugu."

"Hapa si kwenu." Hakuipandisha sauti yake, na ndiyo maana nilimchukia. "Mtoto asiye na mzazi wala ndugu ndani ya nchi anakwenda mikononi mwa ustawi wa jamii. Wanamweka kwenye nyumba yao mpaka karatasi zake zikamilike. Ukishakuwa kwenu utamwombea kutoka huko."

"Inachukua muda gani?"

Kijana akainama. Mkubwa akajibu kwamba inategemea. Nimesoma hadi uzamivu, najua "inategemea" ya ofisini maana yake nini.

"Nipe anwani ya huyo jirani," akasema. Kalamu ilikuwa tayari.

Sasa hivi mnaosoma mnasema, si ampe, mtoto apatikane. Au mnasema asimpe. Mimi nilijua jambo moja tu: nikiitaja ile nyumba, kabla ndege yangu haijapasha injini mwanangu atakuwa amebebwa na watu asiowajua, na nikinyamaza atakuwa salama walau usiku mmoja, kwa jirani, kwenye kitanda anachokijua. Usiku mmoja ningeweza kufanya kitu. Kupiga simu, kutafuta wakili, kumwamsha Profesa aje anipende kwa faida.

"Siikumbuki," nikasema.

"Mama."

"Nimefiwa. Kichwa hakiko sawa. Siikumbuki."

"Ukinificha unajiongezea."

"Niongezee."

Tukatazamana. Nilikuwa na hasira za kutosha kukaa pale mpaka kesho kutwa bila kufungua mdomo, na nadhani aliziona, maana aliweka kalamu chini. Nikajisikia nimeshinda kitu. Kidogo, lakini nimeshinda.

Simu ikaanza kutetemeka mezani. Ilikuwa bado pale katikati, pale nilipoiweka kwa ajili ya Profesa. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata asiye na miwani angelisoma: Jirani wa Chini.

Nikanyoosha mkono. Mkubwa alikuwa wa kwanza kufika. Akabonyeza, akaacha sauti ikiwa nje.

"Mama!" Alikuwa Chiriku. "Mbona hutoki? Tumekuja kukupokea. Tuko hapa watu wanapotokea, mimi nimepanda kwenye vile vyuma ili unione haraka."

Nyuma yake jirani akawa anacheka. "Shoga, mtoto hakunipa raha tangu asubuhi. Nikasema acha nikufanyie mshangao."

Nikafungua mdomo kumwambia aondoke. Mkubwa akaninyooshea kidole kimoja, akaisogelea simu, na kwa sauti laini ya mama yeyote akauliza:

"Mwanangu, umevaa nguo ya rangi gani, mama akuone vizuri?"

"Ya njano," Chiriku akajibu.

Kijana akachukua kofia yake, akagonga mlango ufunguliwe, akatoka.